PINGU ZINAVUKA MPAKA, HAKI INABAKI FORODHANI!

Ndugu msomaji, kijana wa Makanyagio na Kashaulili uliyekaa kijiweni ukisubiri abiria, usiseme ya Nairobi hayakuhusu. Yanakuhusu!

Novemba 2024 Dk. Kizza Besigye, mpinzani wa Museveni, alitekwa Nairobi. Siku chache baadaye akaibukia Kampala mbele ya mahakama ya kijeshi. Hakimu gani wa Kenya aliruhusu? Hakuna! Mei 2025 Mkenya Boniface Mwangi na Mganda Agather Atuhaire walikamatwa Dar es Salaam, walikokwenda kuhudhuria kesi ya uhaini ya Tundu Lissu. Wakaja kutupwa karibu na mipaka ya kwao. Wote wawili walisema waliteswa.

Eti huo ndio ushirikiano wa Afrika Mashariki!

Tazama Ulaya. Tangu 2004 nchi za Umoja wa Ulaya zina hati moja ya kukamata: anayetafutwa Hispania hukamatwa Ujerumani. Lakini hasombwi gizani, anapelekwa kwa jaji. Mwaka 2018 Hispania ilimtaka Carles Puigdemont, kiongozi wa Catalonia, kwa kosa la uasi. Mahakama ya Ujerumani ikasema kwa uasi hatumtoi. Hispania ikaiondoa hati yake! Tena wametunga sheria za pamoja: mtuhumiwa apate mkalimani (2010), apate wakili (2013).

Sisi je, hatuna sheria? Tunayo! Sheria yetu ya kurudisha watuhumiwa ni ya 1965, inataka hakimu asikilize kwanza na inakataza kumtoa mtu kwa kosa la kisiasa. Kenya nayo ina yake. Kinachokosekana ni wakubwa kuziheshimu. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iko Arusha, lakini Novemba 2019 Serikali ya CCM ilitangaza kuifuta ruhusa ya raia kuishitaki huko moja kwa moja. Mwenye nyumba kamfungia mwanawe mlango!

Kijana mwenzangu, ng'ambo ya Karema ni Kongo, nayo imo Jumuiya tangu 2022. Kesho utavuka ziwa kutafuta riziki. Kama Besigye, daktari na kanali mstaafu, alisombwa kama gunia la mahindi, nani atakuulizia wewe mlalahoi?

Tunataka mawili tu. Asivushwe mtu mpaka bila hakimu na wakili. Mlango wa Arusha ufunguliwe. Atakayekuja kukuomba kura, muulize hayo kabla hujapokea kofia yake!