MFICHA UCHI HAZAI

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mficha uchi hazai. Methali hii tumeizoea sana katika insha, tena mara nyingi tunaichomeka tu ili mwalimu atupe alama. Lakini yako maradhi yanayoifanya iwe kweli kama ilivyo, bila fumbo lolote, na hayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Ni maambukizi ya viungo vya uzazi vya ndani vya mwanamke, ambayo hospitalini huitwa kwa kifupi PID. Maoni yangu ni kwamba kimya chetu kuhusu maradhi haya ndicho kinachoyapa nguvu.

Kwanza tuelewane. Mwanamke ana mji wa mimba, mirija miwili ya uzazi na ovari mbili. Mlango wa mji wa mimba ni kama bawabu, huvizuia viini visipande juu. Viini vikimpita bawabu huyo, huingia ndani hadi kwenye mirija na kuleta uvimbe na usaha. Mara nyingi huwa ni viini vya kisonono au vya klamidia, ambayo ni magonjwa ya zinaa. Hata hivyo, si lazima iwe hivyo. Viini vingine vinavyoishi ukeni kwa kawaida navyo vyaweza kupanda, kwa mfano baada ya kujifungua au mimba kutoka. Kwa hiyo anayekimbilia kumwita mgonjwa malaya anatangaza ujinga wake mwenyewe. Na wale wanaosema eti ni baridi ya sakafu au kukalia jiwe, hao nao waache porojo.

Dalili zake ni maumivu chini ya kitovu, uchafu wenye harufu mbaya kutoka ukeni, homa, maumivu wakati wa kukojoa na kutokwa na damu wakati usio wa hedhi. Wengine huumwa kidogo tu, na wengine hawahisi lolote. Hapo ndipo penye hatari. Hebu fikiria jinsi mambo yalivyo bwenini. Msichana anashika tumbo usiku, na jibu analopata ni, "Aah, ni za mwezi hizo, meza Panadol ulale." Akienda kuomba ruhusa ya kwenda hospitali, anaambiwa anakwepa mtihani. Naye kwa haya anajikunja kitandani, ananyamaza. Kweli maumivu mengi ya tumbo ni ya hedhi tu, lakini maumivu yanayokuja na homa au uchafu, au yasiyokwisha hedhi inapokwisha, hayo si ya kulalia.

Kwani ubaya uko wapi? Uko kwenye kovu. Mrija wa uzazi ni mwembamba sana, na kovu dogo hutosha kuuziba. Mwaka 1992 Daktari Lars Weström wa Uswidi na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake zaidi ya 1,800 waliougua maradhi haya. Kati ya waliougua mara moja, kama 8 kwa kila 100 walishindwa kushika mimba kwa sababu mirija iliharibika. Kwa waliougua mara mbili, idadi ilikuwa karibu 20 kwa kila 100, na kwa waliougua mara tatu au zaidi, 40. Uchunguzi mwingine wa mwaka 1993 ulionyesha kuwa waliochelewa kutibiwa kwa siku 3 au zaidi walikuwa na uwezekano wa kupata shida ya uzazi karibu mara 3 kuliko waliowahi. Siku tatu tu, jamani! Si sawa na kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumatatu jioni?

Tena kuna jambo baya zaidi. Yai lililorutubishwa likikwama kwenye mrija wenye kovu, mimba hukua humo. Mrija ukipasuka, damu humwagika tumboni na mama anaweza kufa.

Wavulana wenzetu, msifunge ukurasa huu mkasema ni mambo ya wanawake. Mwanamume anaweza kuwa na klamidia bila dalili yoyote, akamwambukiza mwenzake. Kisha miaka ikipita bila mtoto, ni nani huitwa tasa? Ni mke. Ni nani hurudishwa kwao? Ni yuyo huyo mke. Kijijini kwetu nimeshuhudia mama akisimangwa hadi kwenye foleni ya maji, na hakuna hata mtu mmoja aliyemuuliza mume kama naye amewahi kupimwa.

Najua wapo wazee wetu wanaosema kuwa kuzungumzia mambo haya shuleni ni kutufundisha uasherati. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Kumweleza mtu mahali penye shimo si kumsukuma atumbukie. Asiyeshiriki ngono kabla ya wakati amejikinga na magonjwa ya zinaa, na hilo nalihimiza kwa moyo wote. Lakini aliyekwisha kuugua, au aliyetendewa kwa nguvu, atasaidiwa na nani ikiwa kila anayemwendea atamkemea?

Habari njema ni kwamba maradhi haya yanatibika. Dawa za kuua viini hutolewa, kwa kawaida kwa siku 14, na ni lazima zimalizwe hata kama maumivu yamekwisha. Mwenzi wake naye hutibiwa, la sivyo viini vitarudi. Ila dawa haifuti kovu lililokwisha kutokea, ndiyo maana nasisitiza kuwahi.

Basi naomba mambo matatu. Muuguzi aalikwe angalau mara moja kila muhula, azungumze nasi wasichana na wavulana. Walimu na matroni wasimcheleweshe msichana anayelalamikia tumbo; heri kumpeleka bure hospitalini mara kumi kuliko kumchelewesha mara moja. Nasi wanafunzi tuache kuchekana, maana usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu haujengeki kwa matofali.

Dada yangu, ukiumwa, sema. Aibu ya dakika tano mbele ya daktari ni nafuu kuliko majuto ya miaka hamsini.