Chati za "Mdudu Gani Amekuuma" Zifutwe, na Naanza na Yangu

Wasee, leo nimekuja na moto, na wa kwanza kuchomeka ni mimi.

Si mnajua ile picha huzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kila mvua ikianza? Mikono sita, vipele sita, na maandishi juu: huyu ni mbu, huyu ni kunguni, huyu ni kiroboto, huyu ni buibui. Mwaka jana nilitengeneza yangu. Nikaokota picha mtandaoni, nikatia mishale myekundu na ngoma kali, nikaandika "Vipele vitatu kwa mstari = kunguni. Usibishane." Hakuna posti yangu imewahi kusambazwa kama hiyo. Na sikuwa nimeuliza daktari hata mmoja.

Wiki tatu baadaye mtu akaitupa kwenye grupu la hosteli yetu. Chini yake akaweka picha ya mkono wa rumeti wangu, iliyopigwa akiosha vyombo bila habari. "Si mnaona? Huyu ndiye ametuletea." Kufikia jioni watu walikuwa wanaondoa viti vyao asivikalie. Mimi nililala mita mbili kutoka kwake na sikuwa na kipele hata kimoja, kwa hivyo nikahesabiwa msafi. Na nilinyamaza. Jumamosi akahama, na dipoziti yake haikurudi.

Baada ya wiki mbili niliinua godoro langu kutafuta chaja. Kwenye mshono kulikuwa na vidoa vyeusi kama mtu ametawanya wino wa kalamu, maganda makavu, na kunguni wenyewe wamejipanga. Kitanda changu ndicho nilikuwa nimenunua kwa mtu aliyekuwa anahama, bei ya kutupa. Mimi ndiye nilileta. Walikuwa wananiuma kila usiku, ila ngozi yangu haikuonyesha.

Kwa hivyo hata pale chati yangu ilipopatia mdudu, ilimkosea mtu. Hiyo ndiyo shida yangu na hizi chati zote: zinakuuzia uhakika ambao ngozi haina.

Kipele si sahihi ya mdudu. Mdudu akikuuma anakuachia mate yake, na kile unachokiona ni mwili wako ukiyajibu. Miili haijibu sawa. Kunguni mmoja anaweza kuuma watu wawili kitanda kimoja: mmoja avimbe, mwingine asione kitu. Wengine huanza kujikuna siku kadhaa baadaye, hata wiki mbili. Ile hadithi ya mstari wa vitatu? Viroboto pia huuma kwa mstari au kwa kundi, na kunguni pia huuma ovyo ovyo. Mbu anayebeba malaria na yule wa dengi wanaacha kipele kilekile. Hakuna mtu anaweza kuangalia kipele akakwambia kama utaugua. Homa ikija, kipimo ndicho kitasema.

Halafu tuongee kuhusu rangi. Picha nyingi za hizo chati ni za ngozi nyeupe. "Angalia wekundu." Wekundu gani, manze? Kwenye ngozi yetu huo wekundu unaweza kuonekana kama kahawia, zambarau, au weusi zaidi tu. Wakati mwingine huoni chochote, unahisi tu uvimbe na joto ukigusa. Shida hii haiko kwenye posti za watu kama mimi pekee. Mwaka wa 2020 mwanafunzi wa udaktari kule London, Malone Mukwende, mzaliwa wa Zimbabwe, alishirikiana na walimu wake kutoa kitabu kinachoitwa Mind the Gap, kuonyesha dalili za magonjwa kwenye ngozi nyeusi na ya kahawia, kwa sababu aliona masomo yake yanaonyesha sana ngozi nyeupe. Kama wanaosomea udaktari walikuwa na hilo pengo, wewe na simu yako yenye skrini iliyopasuka mnajiamini kwa nini?

Na ngozi yetu inaweka kumbukumbu. Kipele kikipona kinaacha doa jeusi ambalo linaweza kukaa miezi. Mtu anapigwa picha Machi, alama ni za Januari, alipokuwa ushago. Mnamhukumu kwa kesi ya zamani.

Sasa chukua alama ambayo Wanairobi wanadhani wanaijua kuliko zote: ya Nairobi fly. Kwanza, huyo si nzi. Ni mbawakawa mdogo, mwekundu na mweusi. Pili, hakuumi. Ndani ya mwili wake mna sumu inayoitwa pederini. Akitua kwako ukampiga kofi, umejipaka sumu mwenyewe. Hausikii kitu usiku huo. Siku moja au mbili baadaye ngozi inaungua kwa mstari, malengelenge yanatoka, na kama ni kwenye mkunjo wa kiwiko, alama inajichapa upande wa pili pia. Mvua kubwa za El Niño za 1997 na 1998 zilimleta kwa wingi.

Huo mstari wa malengelenge, watu wengi huuona wakasema "ni mkanda wa jeshi". Na mnajua watu hunong'ona nini wakisikia mkanda wa jeshi. Watu wanasemwa vibaya darasani na kazini kwa sababu ya mbawakawa waliyempiga kofi usiku. Dawa ya kwanza ni rahisi: usimponde, mpulize aondoke. Kama umeshamponda, osha na sabuni na maji mengi, na usiguse macho.

Na buibui jamani, buibui amesingiziwa vya kutosha. Hanyonyi damu, na nyumbani kwako anakula walewale wanaokusumbua. Mara nyingi kile mtu anakiita "nimeumwa na buibui" ni jipu, yaani bakteria wameingia kwenye ngozi. Tofauti ni kubwa: anayeamini ni buibui anangoja sumu iishe yenyewe, huku jipu linaenda ndani na yeye anahitaji matibabu.

Najua komenti inayokuja. "Wewe una bahati, sisi hatuna pesa ya hospitali, hiyo chati inatusaidia."

Nakusikia. Lakini huyo asiye na pesa ndiye chati inamla zaidi. Chukua upele, ule wa vijidudu vinavyochimba ndani ya ngozi. Ukiuangalia kwa picha unaweza kuapa ni kunguni. Basi mtu ananunua dawa ya shambani, ananyunyizia godoro analolalia, mtoto anakohoa usiku kucha, mwisho anachoma blanketi. Upele bado uko mwilini, na sasa wadogo zake wameshika. Upele unatibiwa kwa dawa ya kupaka, na nyumba nzima hutibiwa pamoja. Kati ya hizo mbili, ni ipi ilikula pesa bure?

Au nenda Baringo, Pokot Magharibi, Turkana. Kule kuna usubi, mdudu mdogo sana kuliko mbu, na alama yake unaweza usiitambue. Ila anaweza kukuachia kala-azari: homa isiyoisha, kukonda, tumbo kuvimba kwa ajili ya wengu, na bila matibabu inaua. Hakuna mshale mwekundu utakuonyesha hiyo.

Sisemi usiangalie ngozi yako. Nasema usiiulize swali moja tu. Uliza wapi, lini, na chumbani kuna nini. Vipele viko kwenye vifundo vya miguu na kuna paka au mbwa? Fikiria viroboto. Unawashwa zaidi usiku, katikati ya vidole, kwenye viganja na kiunoni, na wengine nyumbani wanajikuna? Muulize daktari kuhusu upele. Kidole cha mguu kina uvimbe wenye nukta nyeusi katikati? Hiyo inafanana na funza. Unashuku kunguni? Washa tochi ya simu, kagua mishono ya godoro na nyufa za kitanda. Kunguni anathibitishwa kwa godoro, si kwa mkono wa mtu.

Na kuna mambo hayangoji mjadala. Uso au ulimi ukivimba, pumzi ikikatika, kimbia hospitali saa hiyo. Homa, uvimbe unaoenea na kuuma, usaha, au kidonda chenye kigaga cheusi baada ya kutembea kwenye nyasi na mifugo: nenda ukaonwe, na useme ulikuwa wapi.

La mwisho ni hili la aibu. Kunguni hajali kama umedeki. Mwaka wa 2023 Paris nzima ilikuwa inapiga kelele juu ya kunguni, kwenye treni na kwenye sinema. Anasafiri kwa begi, kwa nguo, kwa kitanda cha bei ya kutupa. Haijulikani kuwa anaambukiza watu ugonjwa wowote. Lakini aibu inamlinda: mtu anaona kunguni, ananyamaza asiwe yule wa kwenye grupu, na mwezi unaofuata wako vyumba vinane. Kama hosteli yetu ingekagua magodoro yote siku ile ya kwanza, wangeanza na langu.

Nimefuta ile posti. Juzi nilimpigia rumeti wangu, nikamwambia kitanda kilikuwa changu, na kwamba nilijua kabla muhula haujaisha. Alinyamaza sana. Kisha akasema, "Sawa, umefuta yako. Mkono wangu bado uko kwenye lile grupu."

Ni kweli, bado uko. Nimeandika pale kila kitu nilichoandika hapa, na nimeomba picha itolewe. Watu wawili wameweka emoji ya kucheka. Kama wewe ni mmoja wa wale mia na kitu walio mle ndani, ifute. Halafu inua godoro lako uangalie.