UKURASA WA WAZAZI: Kijana amesokota nywele

Mwezi huu tunaongea juu ya nywele. Msicheke. Ni nyinyi wenyewe mlioleta habari hii, bombani, kanisani, msikitini, hata kwenye foleni ya chakula. Huyu kijana wake amenyoa pembeni na kuacha juu kama jogoo. Yule wa kwake amepaka rangi ya manjano kwenye ncha. Binti wa mwingine amesuka meshi hadi kiunoni na baba anauliza pesa imetoka wapi. (Baba aulize, swali ni zuri. Ila aulize kwa upole, maana mara nyingi ni rafiki yake aliyemsuka bure.)

Wengi wetu tunaanza na maneno yale yale: zamani kwetu mambo haya hayakuwepo. Mzee mmoja Mnyarwanda alinisimamisha njiani akilalamika juu ya vijana wanaonyoa mistari na maumbo. Nikamwuliza, "Mzee, na amasunzu je?" Alicheka mpaka akakaa chini. Amasunzu zilikuwa nywele za heshima Rwanda, zilinyolewa na kuachwa matuta kama mwezi mwandamo, na zilivaliwa na wanaume na hata wasichana ambao hawajaolewa, ili watu wajue. Huko kwetu Kongo, upande wa kaskazini mashariki, mama za Wamangbetu walizijenga nywele zao zikapanda nyuma ya kichwa kama kikapu kipana. Picha zao zimezunguka dunia nzima. Babu na bibi zetu walikaa saa nyingi wakitengenezwa vichwa, na hakuna aliyewaita wahuni.

Na hapa Malawi tulipokaribishwa, nywele ziliwahi kuwa jambo la serikali. Wakati wa Rais Banda kulikuwa na sheria ya mavazi ya mwaka 1973. Mwanamke hakuruhusiwa suruali wala sketi fupi, na mwanaume hakuruhusiwa kufuga nywele ndefu. Hata mgeni aliyefika na nywele ndefu alikutana na mkasi kwanza. Sheria ile iliondolewa mwaka 1993. Mwaka uliofuata, 1994, ndipo Dzaleka hii, iliyokuwa gereza la wafungwa wa siasa, ikafunguliwa kuwa kambi yetu. Kwa hiyo tusishangae kwamba kichwa cha kijana kinaleta kelele.

Lakini mitindo siyo jambo nililotaka kusema leo. Nataka kusema lile ambalo akina mama wa Kivu hatulisemi.

Mimi ni mtu wa Walungu, Kivu ya Kusini. Waliotoka huko wameshajua ninaelekea wapi. Katika miaka ile ya 2005 na kuendelea, kwenye misitu ya upande wa Kaniola na Nindja, kulikuwa na kundi la watu wenye silaha ambalo watu waliliita Rasta, kwa sababu ya nywele zao ndefu zilizosokotana. Hawakuwa watu wa imani ya Kirasta, wale wanaoabudu kwa njia yao na hawamdhuru mtu. Walikuwa watu wa porini. Walikuja usiku, walichukua mali, walichukua wanawake na wasichana wakaenda nao msituni. Sitaandika zaidi, gazeti hili linasomwa na watoto.

Mwanangu alizaliwa hapa kambini, mwaka 2009. Hajawahi kuona Walungu. Yeye dredi anazijua kwa wanamuziki wa Jamaika anaowaona kwenye simu za wenzake, na kwa vijana wanaocheza ngoma kwenye Tamasha la Tumaini linalofanyika hapa kambini tangu mwaka 2014. Kwake ni uzuri, ni muziki, ni ujana. Alipoingia nyumbani siku ile amesokotwa kichwa kizima, mimi sikumwona mwanangu. Mikono ilitetemeka, maharage yakabaki motoni mpaka yakaungua. Yeye akafikiri nimekasirika kwa sababu ya majirani.

Siku tatu tukasalimiana tu. Baba yake akasema, ngoja tumnyoe akiwa amelala. Nikamwambia hapana, Papa, huko tulikotoka watu wamefanyiwa mambo wakiwa wamelala, hapa kwangu hapana. Siku ya nne nikamwita kijana, tukakaa nyuma ya nyumba, nikamweleza. Siyo yote. Nilimweleza nywele zile nilizionea wapi, na sababu gani moyo wangu unaruka.

Akanyamaza sana. Halafu akauliza, "Mama, sababu gani haukuniambiaka?" Nikamjibu kwamba kuna mzigo mzazi anabeba ili mtoto asiubebe. Akasema, "Lakini mimi siko wao, Mama." Nikamwambia ninajua. Kichwa kinajua, mwanangu, ni mwili ambao bado haujasikia.

Hakunyoa. Nawaambia wazi ili msifikiri kwamba ukimweleza mtoto habari ya namna hii basi atakimbia kwa kinyozi. Hakunyoa. Ila tangu siku ile, jua likizama anafunga kitambaa kichwani kabla hajaingia nyumbani. Sikumwomba. Na bado kuna asubuhi akisimama mlangoni na mwanga uko nyuma yake, ninashika ukuta kidogo.

Sikuwa peke yangu. Mama mmoja wa Burundi alinieleza kwamba binti yake alirudi amenyoa kipara kabisa, akifurahi, na yeye mama akapiga yowe: nani amekufa? Kwao, kama kwetu, kichwa kinanyolewa kwa msiba, na yeye alinyolewa mara tatu katika mwaka mmoja. Binti alikuwa anafikiri amependeza. Atajua namna gani, kama hakuna aliyemwambia?

Kwa hiyo ndugu wazazi, tunapowaambia watoto "hizo ni nywele za wahuni", tujiulize kwanza kama ndilo neno tunalotaka kusema. Kijana ukimwita mhuni atabishana na wewe kwamba yeye siyo mhuni, na kweli siyo, na mtabishana mpaka Krismasi. Ukimwambia "ninaogopa", hakuna cha kubishana hapo. Anaweza kukataa kunyoa, lakini ameshajua analikataa nini. Na kama moyo unaruka kila siku, usingizi hauji, chakula hakishuki, tuende tukaongee na wale wa kituo cha afya wanaoshughulikia mambo ya moyo na mawazo. Siyo kwamba umekuwa mwenda wazimu.

Shule ni jambo jingine. Mengi mmesikia juu ya hukumu ya Mahakama Kuu ya Zomba ya Mei 2023, kwamba shule za serikali zisiwazuie watoto wa Kirasta kwa sababu ya dredi zao. Ni kweli, na ni jambo kubwa kwa watoto wale waliokaa nyumbani wakikosa masomo. Lakini kesi ile ilikuwa ya watu wenye imani yao. Kijana aliyesokota wakati wa likizo kwa kupenda tu asitumwe kwa mwalimu mkuu na hukumu mkononi kama fimbo. Mzazi aende mwenyewe, aulize shule inataka nini. Wangu nimemwambia kwamba shule zikifunguliwa tutakwenda wote wawili, yeye atajieleza na mimi nitakaa pembeni.

Kuna vita moja tu ya nywele ambayo mimi napigana bila kuchoka, nayo ni ya usafi na ngozi. Mashine ya kinyozi isiyofutwa na spiriti inahamisha mapunye kutoka kichwa hadi kichwa, na mapunye ya kichwani hayaponi kwa kupaka mafuta ya dukani, yanataka vidonge vya kumeza kutoka kituo cha afya. Wembe uliokata mtu mwingine usimguse mtoto wako hata kama umeoshwa, kwa sababu ugonjwa wa ini ule wa B unaweza kukaa nje ya mwili siku saba na bado ukaambukiza. Na nyinyi mnaosuka mabinti, mimi najua mkono unaokaza sana unasifiwa kwamba kazi yake inadumu. Lakini angalieni paji la uso la yule binti: vikianza vipele vidogo na nywele za mbele zinapungua, fungueni, hata kama alilipa jana. Zikivutwa hivyo miaka na miaka zinakataa kuota tena. Dawa ya kulainisha nayo inaunguza. Ikianza kuwasha haisubiri dakika zilizoandikwa kwenye kopo, inaoshwa papo hapo kwa maji mengi, kwa hiyo usianze kupaka kabla ndoo haijajaa.

Mwezi ujao tutasikia akina baba, maana wanasema ukurasa huu umejaa akina mama. Barua wapeni wale wanaowagawia gazeti, hata ya mistari miwili, hata kwa Kirundi au Kinyarwanda, tutapata wa kutafsiri. Na kama kuna anayejua kusokota dredi bila kuzivuta, anijulishe anakaa mtaa gani. Huyu wangu alisokotwa na mwenzake wa darasa, na nyuma ya sikio pamevimba.