Miwani Si Hirizi

Katika methali tulizorithi kwa wazee hapana iliyotumiwa vibaya kama hii: Ajali haina kinga. Ilitungwa kumfariji aliyefikwa na msiba. Siku hizi imekuwa ngao ya aliyeusababisha. Mpwa wangu aliambiwa maneno hayo na mkubwa wake wa kazi, akarudi nayo kwetu Maposeni, pamoja na jicho moja bovu.

Kijana huyo alikuwa fundi wa maabara katika chuo ambacho sitakitaja. Siku moja aliitwa kusaidia kuvipanga vioo vinavyoongoza mwale wa leza kali. Alivaa miwani ya kinga, kama alivyoamriwa. Bisibisi aliyoishika ikaukata mwale, nao ukaruka hadi usoni pake. Hakuona nuru yoyote. Alisikia ndani ya jicho mlio mdogo, kama punje ya mahindi ipasukayo kikaangoni, kisha doa jeusi likatanda mbele yake. Doa hilo halijaondoka. "Mjomba," aliniambia, "nikifumba jicho zima nikamtazama mtu, uso ndio upoteao. Nabaki kuona masikio yake."

Nilimuuliza kama mlangoni hapakuwa na onyo. Akajibu: "Lilikuwapo, kurasa mbili za Kiingereza. Nililisoma, na kila neno nililijua. Nisilolijua ni lile lililokuwa likiniambia."

Tuitazame kinga aliyopewa. Miwani ile ilikuwa na nambari 532 pembeni, maana yake ilizuia nuru ya kijani, ambayo urefu wa wimbi lake ni nanometa 532. Mwale uliompiga ulikuwa wa nanometa 1064, nuru ambayo jicho la binadamu haliioni kabisa. Miwani iliyofanywa kwa ajili ya nuru moja yaweza kuiachia nuru nyingine ipite kama ipitavyo kioo cha dirisha. Basi kijana alikuwa amevaa kitu alichokiamini asichokielewa. Kitu cha namna hiyo kwa Kiswahili huitwa hirizi.

Mtu wa Ungoni hana ruhusa ya kuisahau habari ya kinga isiyokinga. Katika Vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905, ilifika kwetu dawa iliyosemwa kuwa itazigeuza risasi za Wajerumani ziwe maji. Tarehe 27 Februari 1906 wakuu wa Wangoni walinyongwa Songea, na kila mwaka siku hiyo huadhimishwa. Siwacheki wazee wale, wala ushujaa wao hauna doa. Waliitetea nchi yao, na hapakuwa na wa kuwaambia mapema ukweli wa silaha iliyowakabili. Aibu ni yetu sisi, tulio nao ukweli wa silaha yetu vitabuni, tukaufungia katika lugha ambayo fundi huisoma bila kuonywa nayo.

Wako wenzangu wa sayansi wasemao kuwa mambo haya hayasemeki kwa Kiswahili. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili tangu mwaka 1990. Lakini sitawajibu kwa kamusi. Nitawajibu kwa kuyasema.

Leza hupangwa kwa madaraja, na daraja la nne ndilo la juu. Mwale usiokatika hufikia daraja hilo uzidipo nusu wati. Nusu wati ni kidogo kwa taa, lakini nuru ya taa hutawanyika, na ya leza huenda pamoja. Ikiingia katika mboni, lenzi ya jicho huikusanya mahali padogo sana ikawa kali hata mara 100,000. Mwale wa daraja la nne huweza kudhuru hata ukiruka kutoka ukutani, huchoma ngozi, na huweza kuwasha moto. Usitegemee kupepesa: jicho hupepesa kwa muda wa robo ya nukta, na leza ya mipigo humaliza kazi yake kabla ya hapo. Usingoje maumivu, kwani ukuta wa ndani wa jicho hauna hisia ya maumivu.

Kwa hiyo, kabla ya kuvaa miwani soma nambari mbili: ya wimbi, ilingane na ya leza iliyo mezani, na ya uwezo wa kuzuia, ambayo ikiwa 6 hupitisha sehemu moja tu katika milioni. Vua saa na pete. Panga vioo wakati mwale umepunguzwa hadi nguvu ndogo kabisa, kwa maana hapo ndipo macho mengi yalipopotelea. Weka njia ya mwale mbali na kimo cha macho, ya aliyesimama na ya aliyeketi; ukiangusha kitu, usiiname kabla mwale haujazibwa. Mlango uwe na swichi ya kuikata leza mtu aingiapo ghafula. Wala usifungue sanduku la umeme wake bila ujuzi, kwa kuwa umeme uliohifadhiwa humo huua hata waya ukiwa umechomolewa.

Ni neno gani hapo lililoshindikana?

Wengine husema leza kali ni chache nchini, basi haraka ya nini? Uchache huo ndio unaozidisha hatari. Palipo na leza moja hapana mzee wa kazi wa kumshika mgeni mkono, na onyo la maandishi ndilo mwalimu wa pekee. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humtaka mwajiri amjulishe mfanyakazi hatari za kazi yake. Kujulisha si kubandika karatasi. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya mahakama zetu kwa mujibu wa sheria, ili mwizi wa kuku aelewe kwa nini anahukumiwa. Je, fundi asiyeiba chochote hastahili kuelewa kinachoweza kumpofusha?

Sidai kwamba lugha huzuia mwale. Miwani ya kweli hugharimu fedha, na chuo kisichoweza kuinunua kisiwashe leza. Lakini miwani njema juu ya uso wa mtu asiyeifahamu ni hirizi ya bei kubwa.

Mpwa wangu sasa huko Maposeni hulima mahindi. Kupalilia anaweza, kusoma humchosha. Ajali yake ilikuwa na kinga. Ilikuwa nambari tatu pembeni mwa miwani, na hapakuwa na aliyemwambia maana yake.