Hamira haina mama

Wadau, leo nina la moyoni. Desa la jenetiki linalozunguka hapa bwenini lina sentensi moja inayoniudhi: "DNA ya mitokondria hurithiwa kwa mama." Nukta. Ukiimeza na kuitapika hivyo hivyo unapata tiki yako. Jamaa yangu mmoja kwenye tesiti aliongeza "lakini hamira sivyo", akapigwa mkasi wa alama 2. Sasa mimi namtetea hadharani.

Hiyo sentensi ni yetu sisi binadamu na wanyama wengi. Hamira, hii hii ya mandazi ya kwa Mangi, haina mama wala baba. Ina seli za aina mbili, a na alfa, zinazolingana ukubwa. Zikioana zinakuwa seli moja na kila upande unaleta mitokondria zake. DNA zinakutana, zinakatana na kuungana vipande, halafu baada ya vizazi kama 20 hivi kila seli inakuwa imebaki na aina moja tu. Na hiyo inaweza kuwa mchanganyiko ambao hakuna mzazi aliyekuwa nao!

Halafu cheki ukubwa. DNA ya mitokondria yetu ina herufi 16,569. Ile ya hamira iliyosomwa yote mwaka 1998 ina 85,779. Utadhani ina kazi nyingi zaidi, kumbe protini zake ni 8 tu, sisi 13. Sehemu kubwa iliyobaki ni A na T zilizojipanga kilometa na kilometa, pamoja na vipande vinavyojipandikiza vyenyewe. Kimoja kinaitwa omega: kinatengeneza kimeng'enya cha kukata DNA ya mwenzake isiyo nacho, kisha kinajinakili pale palipokatwa. Mpangaji wa namna hii hata mwenye nyumba angehama.

Ila patamu ni hapa. Mwaka 1949 kule Paris, Boris Ephrussi na wenzake walieleza hamira zinazoota vidoa vidogo, wakaziita petite, yaani "kadogo" kwa Kifaransa. Haziwezi kupumua, zinaishi kwa kuchachua sukari tu. Baadaye ikajulikana kwamba DNA ya mitokondria zao imeharibika au haipo kabisa. Baadhi yake zimebaki na kipande kifupi kilichojirudia rudia, chenye sehemu ya kuanzia kunakili. Ozesha hiyo na hamira nzima, karibu watoto wote wanatoka petite! Kipande kibovu kinashinda DNA nzima, si kwa ubora, kwa wingi wa kujinakili tu.

Mnaona sasa? Wapo wanabiolojia wanaosema ndiyo maana viumbe wengi huchukua mitokondria za mzazi mmoja: ukifunga mlango mmoja, DNA tapeli haipati pa kuhamia. Kwa maoni yangu hamira ndiyo inayokupa sababu inayowezekana ya ile sheria ya mama. Kufundisha sheria bila hamira ni kutupa jibu bila swali, na ndiyo hapo watu wanakula sapu kila mwaka, maana swali likigeuzwa kidogo tu wanabaki kutoa macho.

Na msiniambie hela ya praktiko hakuna. Hamira inapenda nyuzi 30, joto la hapa mjini linatosha. Otesha kwenye agari yenye sukari kidogo, tafuta vidoa vidogo, vihamishie kwenye agari yenye gliserini badala ya sukari. Petite hazitaota, kwa sababu gliserini haichachuki, inataka pumzi. Gliserini duka la dawa ipo. Agari ndiyo ya kubembeleza pale maabara, na sahani ziwe safi la sivyo mtavuna ukungu. Tupo watatu tayari, mwenye nia aje Jumamosi baada ya kufua.