Dansi ya taratibu ni ya fungate, si ya ukumbini

Siku hizi katika arusi zetu za pwani limezuka jambo ambalo wazee wanalinong'ona na vijana wanalishangilia, wala hakuna anayekaa kitako kulizungumza. Bwana arusi akishaingizwa ukumbini kwa wanawake na kuketi na mkewe pale juu penye maua, ngoma hunyamazishwa. Hupigwa wimbo mmoja wa taratibu, aghalabu wa Kizungu au wa Kihindi, na wale wawili huambiwa wasimame wacheze dansi, mikono mabegani na mikono kiunoni. Kina mama waliokwisha kujitanda mabuibui kwa sababu ya yule mwanamume huinua simu zao juu wakapiga picha.

Wako wanaosema ni haramu, na maneno yao yakaishia hapo. Wako wanaosema ni mke na mume, waacheni. Mimi si mwanachuoni wala sitoi fatwa. Hayo yana wenyewe. Ila naona pande zote mbili zamsahau yule msichana aliyesimamishwa pale. Wengi katika hao hawajapata kushikwa hata kidole na mwanamume huyo kabla ya jioni ile. Naye mwanamume, kwa ujasiri wake wote, hajui mguu upi utangulie. Ni mara yao ya kwanza kushikana na mara yao ya kwanza kudansi, na yote mawili yafanywa mbele ya watu mia tatu kwa amri ya mpiga picha. Hilo ndilo ninalolikataa. Dansi yenyewe sina ugomvi nayo.

Tena tusidanganyane kwamba taratibu ni mali ya Wazungu. Lelemama ya bibi zetu wa Mombasa, enzi za vyama vyao vya Ibinaal Watan na Banu Saada, ilikuwa ni kujipanga safu na kusogeza mikono kwa upole, hata mgeni akadhani hawachezi. Waume wa Lamu katika goma husimama safu, kanzu na bakora, na hatua zao ni za kuhesabu. Taratibu tunayo. Tusichokuwa nacho ni mume na mke kukumbatiana machoni pa watu. Kirumbizi ni cha wawili wawili, kweli, lakini wale wanapigana fimbo.

Hata huko Ulaya kukumbatiana kwenye dansi kulikuja na mzozo. Wakubwa wao walikuwa wakicheza kwa safu, wakigusana mikono tu. Dansi ya waltz, ile ya mapigo matatu iliyotoka kwa watu wa Ujerumani na Austria, ilipochezwa mwaka 1816 katika karamu ya mwanamfalme aliyeshika utawala wa Uingereza, gazeti la The Times la London liliikemea vikali na kuwaonya wazazi kwa ajili ya binti zao. Ukiyasoma maneno yale ukaliondoa jina la mji, utadhani ni mzee wa Kibokoni anayezungumza barazani baada ya alasiri. Kwetu nako, vijana wa Mombasa walikuwa na beni zao za Kingi na Scotchi tangu kabla ya Vita Kuu vya Kwanza, na kufika miaka ya 1930 vilabu vya dansi ya kushikana vilikuwa vimeshazuka Mombasa, Tanga na Dar es Salaam. Baadhi ya wanaokemea leo ni wajukuu wa waliokuwa wakivaa suti na kwenda huko. Sitaji mtu.

Sasa kujifunza kwenyewe kukoje? Mume humshika mke mkono wa kulia kwa mkono wake wa kushoto. Mkono wake wa kulia huuweka mgongoni mwa mke, chini kidogo ya bega, na mke huweka wake wa kushoto juu ya bega la mume. Mume huanza na mguu wa kushoto kwenda mbele, mke na wa kulia kwenda nyuma. Asiyetaka hatua na asimame pale pale, ahamishe uzito wa mwili kutoka mguu huu hadi ule kwa mapigo ya wimbo. Mtoto wa chuoni angeyahifadhi hayo kabla chai haijapoa.

Lakini watazame wanaoanza. Macho yako viatuni, pumzi zimezuiwa, na mkono umekazwa kama wa mtu anayepanda dau lenye mawimbi. Mume amsukuma mke kama hamali na mkokoteni wake. Mke, kwa kuogopa kukanyagwa, airukia hatua kabla haijafika. Dawa ya hayo haipatikani kwa kuhesabu moja, mbili. Huja siku mume anapotambua kwamba kuongoza si kusukuma: mwili wake ukienda wote pamoja, mke huhisi waendako bila ya kuvutwa. Wala hawezi kuongoza asiposikiliza. Kama mwenzake amechoka, kama amekanyaga pindo la nguo, kama ana hofu, yote hayo humfikia mkononi kabla hayajasemwa.

Je, nani aliwahi kumfundisha hayo mwanamume wetu? Binti ana somo wake. Hufundishwa chakacha, husingwa, hufukizwa udi, huelezwa namna ya kuishi na mtu. Mwana Kupona wa Pate alimtungia bintiye utenzi mzima mwaka 1858 amuusie jinsi ya kumtunza mume. Kijana wa kiume huusiwa na nani? Rafiki zake humpigia mzaha, akavishwa joho na kilemba akapelekwa. Kama dansi hii ya kigeni itamfundisha kumsikiliza mke kwa dakika tano tu, mimi nitaiombea dua.

Ila mwalimu wake awe mkewe, na mke mwalimu wake awe mumewe. Nasikia wako wanaokwenda kufundishwa kabla ya nikahi, na mwalimu wa kiume akamshika bibi arusi ili eti amwonyeshe mchumba wake inavyofanywa. Hapo hata fatwa haihitajiki.

Tunayo fungate. Siku saba ndani, chakula chaletwa, mlango umefungwa, hakuna aendaye dukani wala kazini. Wazee waliziweka siku zile ili watu wawili wasiojuana wapate kuzoeana polepole. Leo tumezikata zikawa mbili, tena za hotelini, na kazi yote ya kuzoeana tumeihamishia ukumbini usiku mmoja. Masheikh hutusimulia kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alishindana mbio na Bibi Aisha wakiwa safarini, akashindwa, na baadaye waliporudia akashinda yeye. Hufurahi tukisikia. Lakini katika kisa hicho mna jambo tunaloliruka: kwanza aliwaambia watu watangulie.

Mtaniambia watu wanataka kumbukumbu. Kumbukumbu ya nani? Picha ile haikai kwa mwenye arusi. Kabla ya adhana ya alfajiri imeshafika Muscat na London, kwa jamaa na kwa wasio jamaa, na msichana aliyelelewa kwa stara anatazamwa na wanaume asiowajua, akitetemeka mikononi mwa mumewe.

Mama wa bibi arusi, kabla hujamlipa mpiga picha, muulize mwanao faraghani kama anataka kusimamishwa. Muulize mara mbili, maana mara ya kwanza atajibu, "Kama mtakavyoona nyinyi." Akikataa, mpiga picha aambiwe mapema, na wimbo ule usipigwe kabisa.

Nawe bwana arusi, mguu unaoanza ni wa kushoto. Simu iache kwa ndugu zako nje, funga mlango, vua viatu. Mwenzako ana hina miguuni, usije ukamkanyaga.