Mbili mara tatu sio sita

Mitihani inabisha hodi na nilikuwa nimejichimbia kwenye msuli, ila jana usiku rumeti wangu kanifanya niweke desa pembeni nije kuandika. Nina mafua. Jamaa kavuta droo, katoa vidonge vinne vya rangi mbili vilivyobaki kwenye dozi yake ya mwezi uliopita, akasema, "Piga hivi mwanangu, kesho uko fiti." Na huyo yuko mwaka wa tatu!

Mafua yanaletwa na virusi, na antibaiotiki haiui virusi. Tena vile vinne vilitakiwa viishe kwenye dozi yake mwenyewe. Lakini sikumcheka, maana na mimi nina la kwangu.

Nilikuwa darasa la nne, naishi na bibi. Akashikwa na kichwa na homa, akanunua parasetamoli dukani, akafungiwa kwenye bahasha iliyoandikwa "2x3". Bibi hajui kusoma, akaniita: "Mjukuu wangu, hebu nisomee." Nikasoma kwa kujidai: mbili mara tatu, sita! Nikampa sita, akavimeza na chai. Mchana kichwa bado kinamgonga, nikamletea vingine sita. Mama mkubwa ndio anaingia kutoka shambani, akavikuta kiganjani mwa bibi. Ukelele aliopiga nausikia mpaka leo.

Kidonge kimoja kina miligramu 500. Mtu mzima hatakiwi kuzidisha gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8. Mimi nilikuwa namfikisha 12, na ini la mtu halina spea. Bibi alipona, wala hakunigombeza. Alisema tu, "Si umesoma kama ulivyofundishwa?"

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Shuleni nilikariri jedwali la kuzidisha, nikachora sehemu za ua na sehemu za jino. Hakuna aliyeniambia kwamba 2x3 kwenye bahasha ni vidonge viwili, mara tatu kwa siku, yaani kila baada ya saa 8. Na kwenye nyumba nyingi mtoto wa shule ndiye anayesoma hiyo bahasha! Tumempa kazi ya mfamasia bila kumpa hata kipindi kimoja.

Najua mtasema mtaala umejaa. Sidai somo jipya. Iwekeni kwenye hesabu: dawa mseto ya malaria kwa mtu mzima ni vidonge 24, anameza vinne mara 2 kwa siku, dozi inaisha kwa siku ngapi? Homa ikishuka siku ya pili, kwa nini lazima avimalize? Kwenye Kiswahili wapeni boksi la dawa watafute tarehe ya kuisha muda. Kwenye sayansi waelezeni usugu. Klorokwini Tanzania tuliiacha kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, kwa sababu vimelea vilishaizoea. Kwa bakteria, inakadiriwa watu milioni 1.27 duniani walikufa mwaka 2019 moja kwa moja kwa maambukizi yaliyogomea dawa. Hayo nimeyajua nikiwa chuo, na rumeti wangu hajayajua mpaka leo.

Mwingine atasema watu wananunua nusu dozi kwa kukosa hela, sio kwa kutokujua. Kweli kabisa, na hilo shule haiwezi kulitibu. Ila rumeti wangu hakukosa hela jamani, bumu lilikuwa limeshaingia. Aliacha dozi kwa sababu alijisikia nafuu, basi. Hilo mwalimu wa darasa la tano angeweza kulimaliza kwa dakika arobaini.

Vidonge vyake nimemrudishia, nakunywa zangu chai ya tangawizi na kupenga kamasi. Kamasi zitaisha zenyewe.

Wewe je, nani alikufundisha kusoma bahasha ya dawa? Kama jibu ni "hakuna", basi tuko wengi. Naomba kuwasilisha, narudi kwenye desa.